Ni Kifua Tu

"Mama, sikuinua mkono," alisema Husna kabla hata ya kuvua viatu vya shule.

Mwanapili aliacha kukuna nazi. Tangu asubuhi alikuwa hatulii. Alifagia ua mara mbili, akaanika nguo, akazianua zikiwa mbichi, akazianika tena. Sasa alimkazia macho binti yake kutoka pale alipoketi juu ya mbuzi ya kukunia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliukalia huu mkono, hivi."

"Haya, Mungu akukuze. Vua sare usije ukaichafua."

Mtoto akavua. Alikuwa na miaka tisa, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu moja moja, maana mtoto anayegombania pumzi hanenepi hata umlishe nini. Huku akihangaika na vifungo, akasimulia. Daktari mzungu, mrefu hadi akainama mlangoni, alikuja darasani na Sista Jemima. Mzungu aliuliza kwa lugha yake na sista akageuza kwa Kiswahili: nani mwaka huu kifua chake kimelia kama filimbi? Nani ameamka kwa kukosa pumzi?

"Dianah peke yake ndiye aliyeinua mkono. Watoto wakamcheka, wakamwita mzee. Mzungu akafurahi sana, mama. Akasema kwao, darasa kama letu, wangeinua watoto saba au wanane. Akasema labda ni huu upepo wetu wa bahari."

Mwanapili akaguna. Upepo wa bahari! Upepo huo huo ndio uliowaletea mvua za mwaka jana, zile zilizobomoa madaraja na kuziacha kuta za nyumba nzima ya mumewe, Boga, zina ukungu mweusi hadi darini. Na kama ni kuhesabu, yeye angemhesabia daktari bila kutoka jikoni. Mtoto wa fundi cherehani, yule anayelala ameegemezwa mito. Mapacha wa pale kisimani. Binti wa muuza samaki, anayekatazwa kucheza na wenzake eti kwa sababu ni mpole. Wote hao walikuwa darasa moja na Husna, na wote, bila shaka, walikalia mikono yao.

Katika nyumba ile ya Kinondo neno pumu halikutamkwa. Husna alikuwa na kifua. "Ni kifua tu," alisema baba yake, Boga, kana kwamba watu wengine hawana. Walimtibu kwa asali na tangawizi, wakamkanda mafuta ya nyonyo, wakampa vidonge vya duka la dawa la Ukunda ambavyo Mwanapili alivinunua kwa kudai ni vya mama yake mzazi, mwanamke mzima asiyewahi kukohoa maishani mwake.

Na siku zile siri ilikazwa zaidi kwa sababu ya Saumu, dada yake Husna. Saumu alikuwa amechumbiwa na Alfani wa Msambweni, kijana mtulivu mwenye duka la vipuri vya baiskeli, na Ijumaa ya wiki ile wanawake wa kwa mume wangekuja kumwona mwari. Wangekuja wakiongozwa na mama yake Alfani, Bi Mejumaa, ambaye sifa zake zilimtangulia kila mahali. Watu walisema aliwahi kuvunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu mama wa msichana alikohoa mkekani. Pumu kwake ilikuwa maradhi ya damu. Ukiyakuta kwa mdogo, utayakuta kwa mkubwa, na kesho utayakuta kwa wajukuu.

"Mpaka Ijumaa ipite," Mwanapili alimwambia Husna, "ukisikia kifua kinabana, nenda nyuma ya choo. Usikoholee hapa mbele."

"Na kikibana sana?"

"Hakitabana sana," alisema Mwanapili, akarudi kwenye nazi yake, na roho yake ikamsuta hapo hapo.

*

Siku ya pili yake Ngina alipiga hodi mlango wa jikoni. Ngina ndiye mama yake Dianah, Mkamba mwenye genge la mboga, jirani yao wa miaka mingi. Vurugu za mwaka jana, za kuwafukuza watu wa bara, zilipomkimbiza kwenda kwao, funguo za nyumba yake na kuku wake wote aliviacha kwa Mwanapili. Aliporudi alikuta kuku wameongezeka. Kwa hiyo kati yao hapakuwa na haja ya kuzungukana.

"Mama Saumu, kesho yule daktari anapima wale watoto walisema ukweli. Atawapatia ile dawa ya kuvuta, bure kabisa. Mimi niko nayo moja, nilipata Mombasa kwa shida. Lete Husna."

"Husna hana kitu."

"Mimi nasikia huyu mtoto kupitia ukuta."

"Ni kifua tu, Mama Dianah."

Ngina akamtazama, akacheka bila furaha. "Sawa. Basi nisindikize tu mimi. Kusindikiza si dhambi, ama?"

Hivyo ndivyo Mwanapili alivyojikuta shuleni siku ya Alhamisi, amejitanda buibui hadi puani, Husna nyuma yake. Alijiambia kwamba akikuta umati atapenya katikati, ampatie mtoto dawa, atoke bila kuonekana. Alikuwa amekwisha kuipanga hata sentensi ya kumwambia sista, na njia nzima akairudiarudia kimoyomoyo.

Hapakuwa na umati. Kwenye benchi la barazani walikaa watoto wanne: Dianah, wawili wa Musyoki mwenye kinu cha kusaga, na mmoja yatima aliyeletwa na mwalimu, asiye na mtu wa kumwonea haya. Lakini nje ya ua wa shule, penye mwanamke auzaye mihogo ya kukaanga, palikuwa na akina mama tele. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakula mihogo. Walisimama na watoto wao, wakiuliza bei, wakizungumza habari za mvua, na macho yao yote yalikuwa barazani. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenziwe atangulie.

Sista Jemima alimpima Dianah, akampa kichupa kipya ndani ya boksi, akamwonyesha tena namna ya kukitikisa na kuvuta. Kisha akamwona Husna. Akamwekea kiganja mgongoni, akatulia kama anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

"Na huyu?"

Kule nje ya ua mazungumzo ya mvua yalikatika.

Mwanapili alihisi yale macho kisogoni. Miongoni mwao hakukosekana mwenye shangazi Msambweni. Sentensi yake aliyoipanga ikayeyuka yote. "Huyu? Huyu amekimbia tu, sista. Mimi nimemsindikiza jirani."

"Amekimbia kutoka wapi, mama? Nimekuona ukija naye polepole."

"Ni mtoto mtundu."

Sista akakiondoa kiganja taratibu. Alikuwa mpole, na upole ule ulimuudhi Mwanapili kuliko angefokewa. "Haya, mama. Lakini daktari anaondoka leo leo. Kazi yake hapa imekwisha."

Mzungu akasema neno huku akifunga sanduku. Sista akalitafsiri kwa sauti, bila kumwangalia mtu. "Anasema mna bahati sana. Kwao leo wangejaa hapa mpaka nje ya lango."

Maboksi ya dawa yalirudishwa garini kama yalivyokuja. Akina mama walitawanyika kila mmoja njia yake, na mwenye mihogo akabaki na mihogo yake inayopoa. Njiani kurudi Ngina alitangulia na Dianah hatua kumi mbele, na Mwanapili alitamani ageuke amtupie hata tusi.

*

Ijumaa, baada ya alasiri, Husna alipelekwa kwa Ngina na kuagizwa asitoke. Boga alijiondokea barazani kwa wenzake, kama wanaume wafanyavyo penye shughuli ya wanawake. Toka hoteli aliyofanyia kazi Diani ifungwe kwa kukosa watalii alikuwa na ujuzi mkubwa wa kujiondokea.

Wageni waliingia sita, na kikapu cha halua, na kanga zilizofungwa utepe. Bi Mejumaa alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu. Yalipita kwenye ukuta uliopakwa chokaa jana yake, yakausoma ukungu chini ya chokaa, yakaendelea. Saumu aliketi kitandani, amejifunika, mikono imetiwa hina. Salamu zikaenda na kurudi. Watu wakala mahamri, wakasifu mahamri. Mwanapili alianza kupumua.

"Sasa udi," alisema Bi Mejumaa.

Akafungua bahasha aliyoitoa kifuani. Udi wenyewe ulikuwa vipande vyeusi vyenye mafuta, umetoka Arabuni kwa mkono wa mtu, na juu yake ubani. Mwanapili alikuwa na chetezo tayari na makaa yake. Aliinuka kukizungusha.

"La, mwenzangu, si wewe. Kwetu chetezo huzungushwa na mdogo wa mwari. Ndivyo tunavyowajua wote wawili siku moja. Yuko wapi yule mdogo?"

"Amekwenda chuoni, kusoma Kurani."

"Ijumaa?"

Hapo hapo, ng'ambo ya ukuta, Husna akacheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba chenye kukatikakatika, na kila mtu katika nyumba ile alikijua. Saumu, chini ya mtandio, aliinamisha kichwa. Bi Mejumaa akatabasamu kidogo sana.

"Chuo chenyewe kiko karibu," alisema.

Husna akaitwa. Alikuja amevaa gauni la sikukuu, akaamkia mikono yote sita, shikamoo kwa shikamoo, na kila mmoja akamjibu marahaba na kumshika shavu. Akapewa chetezo. Mama yake alimwinamia kana kwamba anamweka sawa ushungi, akamnong'oneza, "Zuia pumzi. Zungusha upesi, utoke."

Mtoto akazuia. Alipita kwa mgeni wa kwanza, akangoja afukize mtandio wake. Akapita kwa wa pili. Kwa wa tatu mashavu yalikuwa yamemvimba na macho yamemtoka, naye mgeni huyo alikuwa mtu wa kutaka kufukiza kila pindo. Husna akaachia. Akavuta hewa, na pamoja na hewa akavuta moshi.

Mwanapili aliisikia filimbi ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na miaka sita akiisikia. Aliisikia hata usingizini. Alijua kwamba sasa hivi mabega yatapanda, kisha shingo itachimbika pale juu ya kifua, kisha midomo. Alijua, na akabaki ameketi. Alimtazama Saumu kitandani na hina yake, akamtazama mwanawe mdogo na moshi wake, na akajiambia: wamebaki watatu tu.

"Mbona mkono unamtetemeka?" mmoja aliuliza.

"Anaona haya," alisema Mwanapili.

Bi Mejumaa alikuwa wa mwisho. Aliutazama uso wa mtoto, akatazama kifua chake, na mkono wake wenye kipande cha udi ukasita angani juu ya makaa. Akasita kwa muda ambao Mwanapili aliuona lakini hakuuelewa. Kisha, kwa kuwa wenziwe walikuwa wanangoja, akakitia.

Moshi ukapanda. Husna akafungua mdomo na hakuna kitu kilichoingia. Chetezo kikamponyoka, makaa yakasambaa juu ya mkeka mpya, wageni wakaruka na buibui zao. Mtoto akaenda chini kwa magoti, mikono sakafuni, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Ngina!" Mwanapili alipiga ukelele ambao hata mwenyewe hakujua anao. Alikuwa amekwisha kumnyakua mtoto na kutoka naye uani kwa mlango wa nyuma wa jikoni. "Ngina! Dawa! Leta ile dawa ya pumu!"

Ndivyo neno lilivyotoka, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Ngina alikuja mbio, miguu mitupu, na Dianah mbele yake akiwa ameshika kichupa. Dianah ndiye aliyefanya kazi, maana alikijua kwa mazoea. "Toa hewa kwanza. Yote. Sasa vuta, vuta, usiachie. Tena." Saumu alikuwa amekwisha kuvua mtandio na kutoka mwarini mbele ya wakwe, jambo lisilofanywa, akapiga magoti mavumbini akamshikilia mdogo wake mgongo usipinde. Mara ya kwanza dawa ilitoka puani. Mara ya pili pia. Mwanapili alisali kwa maneno yasiyo na mpangilio, akiahidi vitu ambavyo hana. Mara ya nne kifua kikafunguka kidogo, na hewa ikaingia kwa mlio wa mlango mbovu. Kisha ikaingia tena.

Ndani mtu alikuwa akizima makaa kwa kandambili. Bi Mejumaa alisimama kwenye mlango wa jikoni, na nyuma yake vichwa vya wenziwe.

"Mtoto ana pumu?" aliuliza mmoja wa vile vichwa.

Wakati ule Mwanapili angeweza kusema ni moshi, ni haya, ni kukimbia. Maneno yote hayo alikuwa nayo tele. Lakini alikuwa amekaa chini na uzito wote wa Husna mapajani, na midomo ya Husna bado haijarudi rangi yake, na akaona uchovu mkubwa kuliko aibu.

"Ana pumu," alisema. "Tangu ana miaka mitatu. Mnisamehe kwa mkeka."

Wageni waliaga kwa haraka ya watu waliokumbuka vyungu vyao mekoni. Walisema watazungumza huko nyumbani. Halua iliachwa, lakini utepe wa kanga haukufunguliwa, na mmoja wao alizichukua akatoka nazo chini ya kwapa. Ndivyo linavyokwisha, aliwaza Mwanapili. Alimtazama Saumu apate kumwomba radhi, na Saumu akatikisa kichwa kumkataza.

*

Ngina alikwenda kwake na Dianah kuchemsha maji. Walikuwa wamerudi jikoni watatu tu, mama na mabinti zake, mlango wa nyuma ulipozibwa na mtu. Bi Mejumaa alikuwa amezunguka nyumba.

"Nimewaambia nimesahau leso," alisema. Hakutafuta leso. Aliingia, akatazama pa kukaa, akakalia mbuzi ya kukunia nazi na unene wake wote. "Anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Nilimwona pale. Niliona shingo yake." Bi Mejumaa alisema akitazama sakafu. "Naijua shingo hiyo. Nikatia udi hata hivyo, Mwanapili. Mungu anisamehe, nilitia na huku naona."

"Unaijua vipi?"

Yule mwanamke aliyevunja posa kwa kikohozi kimoja alijifuta uso kwa pindo la buibui. "Alfani alilala ameketi mpaka alipobaleghe. Ikamwacha. Tukasema imeisha, hakuna wa kujua. Sasa mjukuu wangu ameanza, mtoto wa binti yangu, ana miaka minne. Wakija wageni tunamfungia chumba cha nyuma."

Saumu aliinua uso. Hakuwa tena na mtandio wala haya za mwari. "Mbona Alfani hakuniambia?"

"Na wewe ulimwambia la mdogo wako?"

Hasira ilimpanda Mwanapili hadi masikioni. Aliikumbuka ile njia ya nyuma ya choo, alikomtuma mwanawe akakoholee huko. Alikumbuka benchi la watu wanne. Angependa kusema mengi, na mtu wa kuambiwa alikuwa mbele yake, amekaa juu ya mbuzi, hana pa kukimbilia. Lakini kila neno alilolishika lilikuwa la kumfaa yeye mwenyewe vile vile.

"Posa haivunjiki," alisema Bi Mejumaa. "Hao nitawanyamazisha. Kanga nitazirudisha mwenyewe. Lakini ile dawa, mwenzangu. Ile aliyovuta. Mjukuu wangu jana alikuwa buluu, nimemshika hivi mikononi. Mmeipata wapi?"

"Hiyo ni ya mtoto wa jirani."

"Na yeye aliipata wapi?"

"Kuna daktari alikuja shuleni. Mzungu. Alikuwa nazo maboksi kwa maboksi, anatoa bure."

Uso wa Bi Mejumaa ulifunguka wote, na Mwanapili akamwona jinsi alivyokuwa alipokuwa msichana. "Bure! Na yuko wapi sasa?"

"Ameondoka jana."

"Atarudi lini?"

Huko nje dereva alipiga honi, akapiga tena, na mwanamke mmoja akaita kwa sauti kuuliza kama leso imepatikana. Bi Mejumaa hakuinuka.

"Atarudi lini, Mwanapili?"

"Hatarudi," alisema Mwanapili. "Alikuja kutuuliza wagonjwa wetu wako wapi. Ametukuta sisi hatuumwi."